Saa ya Wali: Shajara ya Kujaribu Sahani za Wali katika Vituo vya Chakula vya Singapore

Jumamosi, 5 Julai. Lengo, masharti na bajeti

Nimeletwa Singapore na kazi ya miezi michache, na kwa majuma matatu ya mwanzo nimekuwa nikila chochote kilichokuwa karibu na ofisi, kisha nikifika jioni sikumbuki nilikula nini. Mradi huu umezaliwa na aibu hiyo. Nitajaribu sahani za wali zinazouzwa katika vituo vya chakula vya umma, yaani yale majengo makubwa yaliyo wazi pande zote, ambamo vibanda vimepangwa kwa safu na walaji hushirikiana meza. Nitaandika nilichokula, saa niliyokila, bei niliyolipa na kosa nililofanya, ili atakayekuja nyuma yangu aanzie pale nilipoishia.

Kuhusu vituo vyenyewe, inatosha kusema kwamba wachuuzi walikuwa wakipika barabarani mpaka serikali ilipoanza, katika miaka ya 1970, kuwahamishia kwenye majengo yenye maji ya bomba na mifereji ya majitaka, kazi iliyokamilika mwaka 1986. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni wao katika orodha ya turathi zisizoshikika. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kibanda kimoja kwa kawaida hupika chakula kimoja au viwili tu, miaka nenda miaka rudi, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kulinganisha sahani ileile mikononi mwa wapishi watano bila ya kuvuka mji mzima.

Masharti ni machache. Nitakula sahani moja kwa kila ziara, sitaingia mgahawa wenye kiyoyozi, wala sitasoma maoni ya wengine kabla ya kuandika yangu. Chakula nimekitengea dola 120 na nauli dola 30. Kila dola inayotajwa humu ni ya Singapore. Vifaa ni daftari la dola 2 na kipimajoto cha jikoni chenye sindano, kilichonigharimu dola 12.90. Kadi yangu ya alama ina safu tano: wali, nyama, pilipili na michuzi, supu, na huduma, kila moja ikipewa alama tano. Imepangwa vizuri mno, na nadhani hilo lenyewe ni dalili mbaya.

Jumanne, 8 Julai. Safari mbili za bure

Jana nilikwenda Maxwell, kituo kilicho ukingoni mwa mtaa wa Wachina, nikiwa na njaa na daftari langu. Kibanda nilichokikusudia kilikuwa kimefungwa, na cha pili nilichokiweka akiba vilevile. Mzee aliyekuwa akipangusa meza aliniambia kwa upole kwamba ilikuwa Jumatatu, kana kwamba neno hilo lilijitosheleza. Kweli lilijitosheleza: wachuuzi wengi hufanya kazi mwishoni mwa juma na kupumzika siku hiyo.

Leo nimekwenda kituo kingine na kukikuta chote kimefungiwa utepe, viti vimepinduliwa juu ya meza, mafundi wanamwaga maji ya sabuni sakafuni. Vituo hivi hufungwa kwa usafi mkubwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, na tarehe hutangazwa mapema na Wakala wa Taifa wa Mazingira. Mimi sikuwa nimeangalia. Nimepoteza nauli na jioni mbili, sijala hata punje moja ya mradi. Marekebisho ni mepesi: sitoki Jumatatu, na ninaangalia ratiba ya usafi kabla ya kufunga mlango wa nyumba.

Jumapili, 13 Julai. Wali wa kuku, sahani tano za kwanza

Nimeanza na wali wa kuku wa Kihainani kwa sababu ndiyo sahani inayopatikana karibu kila kituo, na kwa sababu haina pa kujificha. Asili yake ni wahamiaji kutoka kisiwa cha Hainan, kusini mwa China, ambako kuku wa Wenchang ana sifa kubwa, lakini namna inavyopikwa leo imekomaa hukuhuku. Kuku mzima huzamishwa katika maji ambayo hayaachwi yakatokota, akaiva polepole, kisha hutumbukizwa katika maji ya barafu ili ngozi ikaze na utando wa ute ugande chini yake. Mafuta yake hukaangia tangawizi na kitunguu saumu, mchele ukageuzwageuzwa humo, halafu ukapikwa kwa supu ya kuku yuleyule pamoja na jani la pandani, ambalo ni jamaa wa mkadi wa pwani na hutoa harufu tamu iliyotulia. Mezani huletwa na pilipili iliyosagwa kwa ndimu ndogo, tangawizi mbichi iliyopondwa, na mchuzi mzito wa soya.

Nimekula sahani tano katika vituo vinne, kwa dola 4.00, 4.50, 5.00, 5.00 na 3.80, jumla dola 22.30. Alama nilizotoa ni 19, 21, 20, 20 na 13. Kwa mtazamo wa haraka nimepata mshindi na wa mwisho. Nilipozisoma tena jioni, hata hivyo, nimeona kwamba kadi imenidanganya mahali pawili.

Kwanza, safu tano zenye uzito sawa zimefanya bakuli la supu ya bure liwe na thamani ileile ya wali. Kibanda cha nne kilipata alama tano za huduma kwa sababu shangazi aliyekuwa akikata kuku alitabasamu (huku muuzaji mwenye umri huitwa mjomba au shangazi, na ni vizuri kulizoea jambo hilo mapema), na tabasamu lake likaziba pengo la wali uliokuwa umeshikamana kama uji ulioganda. Pili, na hili ndilo kubwa, sahani hizo tano nilizila kwa saa tofauti kabisa: ya pili saa saba kasorobo mchana, ya tano saa tisa alasiri nikitoka dukani. Sikuwa nikilinganisha wapishi. Nilikuwa nikilinganisha saa.

Kuna na makosa mawili ya adabu ambayo sitaki yapotee. Katika kibanda cha kwanza nilichoma kipimajoto ndani ya wali hapohapo kaunta. Mjomba aliacha kukata, akafuta mikono, akaniuliza natoka ofisi gani. Alidhani mimi ni mkaguzi wa afya, na haikuwa rahisi kumshawishi kwamba ni mtu mwenye njaa aliyenunua kifaa. Tangu hapo napimia mezani, nimegeukia ukutani. Katika kituo cha pili niliona pakiti ya karatasi laini imeachwa juu ya meza tupu, nikaisogeza, nikakaa. Muda si mrefu mwenye pakiti alirudi na trei mkononi. Kuacha pakiti hiyo ndiyo njia ya kuweka nafasi, wenyewe huiita chope, na meza yenye pakiti ni meza yenye mtu hata kama mtu haonekani. Nilihama.

Jumamosi, 19 Julai. Kibanda kimoja, nyakati tatu

Juma hili sikutafuta kibanda kipya. Nilichukua kile cha pili, cha dola 4.50, nikaenda siku tatu kwa nyakati tatu, nikaagiza sahani ileile ya kuku wa kuchemsha bila ya nyongeza yoyote. Gharama ni dola 13.50. Nimebadilisha pia kadi: wali sasa una alama kumi kati ya ishirini, nyama alama sita, michuzi alama nne. Supu na huduma naziandika kwa maneno tu, hazina alama tena. Na nimejiwekea kanuni kwamba vijiko vitatu vya kwanza ni vya wali mtupu, kabla ya pilipili wala soya kugusa sahani.

Saa nne na nusu asubuhi hapakuwa na foleni hata kidogo, jambo ambalo hapo awali nililihesabu kuwa bahati. Wali ulikuwa na nyuzi joto 68, una harufu nzuri, lakini umelowa. Punje za chini zilibandikana na kuacha maji kwenye sahani. Ulikuwa chungu cha kwanza cha siku, umefunuliwa kabla ya kupumzika. Alama saba kwa wali.

Saa sita na nusu mchana nilisimama foleni kwa dakika 22, nikiwa nimezungukwa na wafanyakazi wa ofisi wenye vitambulisho shingoni. Wali ulikuwa na nyuzi 74, kila punje imesimama peke yake, imevaa mafuta bila ya kuogelea ndani yake. Alama tisa na nusu, na nusu iliyobaki nimeizuia kwa ubahili tu.

Saa nane na robo foleni ilikuwa imekwisha. Wali ulikuwa na nyuzi 57, wa juu umekauka na kukaza, wa chini umekuwa bokoboko. Kuku alikuwa yuleyule, pilipili ileile, mkono uleule. Alama nne na nusu.

Maelezo yake si ya ajabu. Wanga wa mchele ulioiva huanza kukaza unapopoa, na chungu cha kuweka joto hakizuii hilo bali hulichelewesha, huku mvuke ukipanda, ukigonga mfuniko na kurudi chini kama matone. Saa ya foleni, chungu humalizika kabla ya kufika huko. Msaidizi hubeba kingine kutoka nyuma, kimepumzika kiasi kinachofaa, nacho humalizika vilevile. Kwa maneno mengine, foleni niliyokuwa nikiikwepa ndiyo iliyokuwa ikitunza wali. Mpango wangu wote wa awali wa kwenda "wakati pametulia" ulikuwa mpango wa kula chakula kilichochoka, na matokeo ya juma la kwanza nayahesabu kuwa batili, isipokuwa makosa ya adabu, ambayo ni ya kweli.

Jumatano, 23 Julai. Wali wa kuchagua, na bei isiyoandikwa

Hii ndiyo sahani ya kila siku ya mfanyakazi: wali mweupe, na nyuma ya kioo trei ishirini au thelathini za mboga, mayai, tofu, kuku na samaki, mteja anaonyesha kwa kidole, muuzaji anapakua, kisha anatazama sahani kwa nukta moja na kutamka bei. Wachina huiita cai fan.

Sahani ya kwanza ilinigharimu dola 7.20. Nilionyesha mboga mbili na kipande cha samaki kilichokuwa kikinitazama, nikitarajia dola nne na ushei. Samaki na kamba huwa na bei yao, mara nyingi hawaandikwi, na anayeonyesha bila ya kuuliza amekubali. Sikudhulumiwa, niliagiza kama mgeni nikatozwa kama mlaji wa samaki. Mara tatu zilizofuata nilichagua mboga mbili na kuku au yai, nikalipa dola 3.80, 4.10 na 4.50. Jumla ya sahani nne ni dola 19.60, na hasara ya kujifunza naikadiria kuwa dola tatu.

Kuhusu wali wenyewe sina mengi. Ni mweupe, wa mchele wa jasmini, umepikwa uwe laini kwa makusudi ili ubebe mchuzi. Kosa langu lilikuwa kukubali mchuzi wa kari umwagwe juu ya kila kitu katika sahani ya pili, hata sikuweza kujua mboga ni ipi na wali ni upi. Sasa naomba mchuzi upande mmoja. Hapa saa nzuri ni kabla kidogo ya saa sita, si kwa ajili ya wali bali kwa ajili ya trei: mboga za majani zilizokaa zaidi ya saa moja chini ya taa hugeuka rangi ya zeituni na kulegea.

Jumapili, 27 Julai. Wali wa nazi, na kanuni iliyovunjika

Nilikwenda Geylang Serai, mtaa wa Wamalei, nikiwa na kiburi. Nasi ni neno la Kimalei lenye maana ya wali, na lemak huelezea utamu wa mafuta, wa tui. Nasi lemak kwa hiyo ni wali wa nazi, na mimi nimekula wali wa nazi tangu sijaota meno ya pili. Nilidhani hapa ndipo nitakapotoa hukumu bila ya kusitasita.

Vijiko vitatu vya wali mtupu, kama kanuni inavyotaka, vilinifanya niandike: "Chumvi haitoshi, tui jepesi, alama tano." Mama wa makamo aliyekuwa akila meza hiyohiyo aliniona nikiandika nikiwa sijagusa kitu kingine, akaniuliza kama chakula kina kasoro. Nilimweleza kanuni yangu. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, kisha akasema kwamba hakuna mtu anayekula wali huo peke yake. Sambali, ile pilipili iliyopikwa kwa mafuta, kitunguu na sukari, ndiyo yenye chumvi na utamu, dagaa wa kukaanga ndio wenye chumvi ya pili, tango la kupoza, karanga za kutafuna, na wali upo kwa ajili ya kuvipatanisha. Nilichanganya kama alivyonielekeza. Wali uleule niliouona mnyonge ulikuwa sahihi kabisa, na kama ungetiwa chumvi ya kunipendeza mimi, sahani nzima ingekuwa kali mno.

Kwa hiyo kanuni ya vijiko vitatu nimeipunguza nguvu. Inafaa kwa wali wa kuku, ambao umepikwa ujitegemee. Inapotosha kwa wali wa nazi, ambao umepikwa uegemee. Sahani hiyo ya dola 4.50 nimeipa alama upya: 17 kati ya 20.

Sahani ya pili, ya dola 3.50, ilikuwa ya kufungashwa, na niliibeba hadi nyumbani, nikaifungua baada ya saa mbili. Jasho la wali lilikuwa limelowesha dagaa, karanga zimelainika, tango limeingia joto. Kosa ni langu, si la mpishi. Ya tatu, ya dola 6.00 pamoja na bawa la kuku, niliila saa mbili asubuhi, na hapo nikaelewa kwamba hiki kwa asili ni chakula cha kufungulia kinywa: wali ulikuwa bado una mvuke, dagaa wakivunjika kwa sauti. Alama 18.

Katika ziara nyingine hapohapo nilijaribu pia nasi padang, wali mweupe na vitoweo vya Waminangkabau wa Sumatra, kwa dola 9.50. Nilionyesha kwa kidole bila ya kuuliza bei. Ndiyo, kosa lilelile la siku nne zilizopita. Rendang, nyama ya ng'ombe iliyopikwa katika tui mpaka tui likakauka na kubaki mafuta na viungo, ilikuwa nzuri kiasi cha kunizuia nisijilaumu sana.

Alhamisi, 31 Julai. Chungu, makaa na ukoko

Kituo cha Chinatown Complex kina vibanda zaidi ya mia mbili ghorofani, na kukitafuta kimoja kwa mara ya kwanza ni sawa na kutafuta nyumba katika mtaa usio na namba. Nilitaka wali wa chungu: mchele hupikwa ndani ya chungu kidogo cha udongo juu ya makaa, kila mteja na chungu chake, kisha juu huwekwa kuku, uyoga, kipande cha ng'onda, na soseji tamu za nguruwe. Hapa hapana wali wa akiba. Unaagiza, unasubiri dakika 35 hadi 45, chungu kinakuja kikinguruma.

Chungu cha kwanza, cha dola 9.00, nilikiharibu mwenyewe. Kilipofika nilifunua, nikamwaga mchuzi mzito wa soya na mafuta, nikakoroga yote kutoka chini mpaka juu kwa bidii ya mtu aliyesubiri dakika arobaini. Ukoko uliokuwa bado unajijenga chini niliubandua ukiwa mbichi. Ukawa vipande vya ngozi laini vinavyong'ang'ania meno, na soya iliyofika chini ya chungu ikaungua na kutoa uchungu.

Jana nilirudi kulipa deni. Dola 9.00 tena. Safari hii nilichanganya nusu ya juu tu, nikarudisha mfuniko, nikaacha chungu kimalize joto lake kwa dakika kama tano, halafu nikala kwa kushuka taratibu. Udongo hutunza joto muda mrefu, na katika dakika hizo wali wa chini hukauka, hupata rangi ya kahawia na kujitenga wenyewe na ukuta wa chungu. Ukoko ulitoka kwa kijiko kama gamba, una harufu ya moshi na ng'onda. Nimeupa wali kumi kamili, alama pekee kamili katika shajara hii. Kipimajoto hakikutumika, sindano yake si ya kuchokonoa ukoko.

Jambo la kunakili kwa anayetaka kufuata: wali wa chungu hauna saa yake ya siku, kwa kuwa saa yake huanza unapoagiza, lakini una dakika zake, na dakika hizo zimo mikononi mwa mlaji. Nenda kabla njaa haijakushika. Mwenye njaa hukoroga.

Jumapili, 3 Agosti. Biriani, Tekka, na rafu isiyo yangu

Tekka Centre ipo Little India, mtaa wa Wahindi, na Jumapili hujaa wafanyakazi waliopata siku ya mapumziko. Mwenzangu wa ofisini, ambaye ni Mwislamu na anaujua mji, alikubali kunisindikiza. Kabla ya kuagiza alinitaka nitofautishe mambo mawili ambayo ubao wa bei huyaita kwa jina moja. Kuna biriani ya dum, ambamo nyama yenye viungo na mchele uliochemshwa nusu hupangwa katika sufuria moja, mdomo ukazibwa, vikamalizana kwa mvuke wao wenyewe. Na kuna wali wa rangi na samli unaopikwa peke yake kisha ukawekewa kari ya kuku pembeni. Vyote viwili ni chakula halali cha kujivunia, lakini anayevilinganisha kwa kadi moja anajidanganya.

Nimekula sahani tatu kwa ziara tatu za mwisho wa juma lililopita na hili: dola 8.00, 7.50 na 8.50, jumla 24.00. Ya kwanza ilikuwa ya kari pembeni, nzuri, alama 15. Ya pili ilikuwa ya dum na ilinifika saa nane na nusu mchana, wakati mpishi alikuwa akikwangua chini: punje zimevunjika, zimejaa mafuta na viungo vilivyotuama, mbuzi amekauka. Nilikuwa karibu kuandika alama tisa na kufunga ukurasa, nikakumbuka somo la 19 Julai. Leo nimerudi kibanda hichohicho saa tano na dakika arobaini, sufuria ikiwa imefunguliwa muda mfupi, na nimeona mpishi akichota kwa sahani bapa kutoka ukingoni hadi kati, akichukua tabaka zote kwa mkupuo mmoja. Punje ndefu nyeupe zilikuwa zimelala kando ya punje za njano, hakuna iliyoshikamana na mwenzake. Mchele wa basmati una amilosi, yaani ile aina ya wanga isiyonata, nyingi kuliko wa jasmini, ndiyo maana huweza kukaa kwenye sufuria nzito bila ya kugeuka uji, lakini uvumilivu wake nao una mwisho, na mwisho huo niliuonja wiki iliyopita. Alama 18.

Baada ya kula nilibeba trei zote mbili, yangu na ya mwenzangu, nikazitia kwenye rafu ya karibu. Kurudisha trei hapa ni sheria. Tangu Septemba 2021 anayeziacha mezani katika vituo hivi huonywa kwanza, na akirudia hutozwa faini. Nilikuwa nikijiona raia mwema mpaka mwenzangu aliponishika bega. Rafu ni mbili: moja ya vyombo vya halali na nyingine ya visivyo vya halali, ili vyombo visichanganyike kwenye kuoshwa, na mimi nilizitia za biriani katika isiyo ya halali. Nilizitoa, nikamweleza mhudumu, akazitenga akaziosheshe mbali. Rangi na maandishi yapo wazi kabisa. Mtu anayetazama daftari hayaoni.

Jumapili, 10 Agosti. Hesabu, na kurudi kwa wa mwisho

Kabla ya kufunga hatua hii nilikuwa na deni moja la haki. Kibanda cha tano cha juma la kwanza, cha dola 3.80, nilikipa alama 13 kati ya 25 baada ya kula pale saa tisa alasiri. Jana nilikwenda saa saba kasoro dakika ishirini. Jaribio la kwanza la kurudi, siku ya Jumatano, lilishindikana: nilifika saa nane, kuku wamekwisha, mjomba anaosha ubao. Safari ya tatu ya bure hiyo.

Jana foleni ilikuwa na watu kumi na mmoja. Wali ulikuwa na nyuzi 73, harufu ya tangawizi imetangulia ile ya mafuta, punje zimesimama, na pilipili yake ina ndimu nyingi kuliko zote nilizoonja. Kwa kadi mpya kimepata 17 kati ya 20, nyuma kidogo ya kile cha dola 4.50 ambacho kwa saa yake bora kinapata 18. Kile cha shangazi mwenye tabasamu nimekiweka kwenye orodha ya kurudiwa, kwa kuwa sijui kama uji ulioganda ulikuwa mkono wake au saa yangu.

Hesabu ni hii. Sahani 22 zimegharimu dola 124.70, wastani wa dola 5.67 kwa sahani, na zimezidi bajeti kwa dola 4.70, ambazo takriban zote ni samaki na vidole visivyouliza bei. Nauli imefika dola 34.60, imezidi kwa dola 4.60, ambayo ni safari tatu za bure na kuzunguka kwingi. Vifaa dola 14.90, ambavyo sikuvitengea chochote. Jumla ni dola 174.20. Vinywaji sikuvihesabu. Anayetaka kunakili mradi huu anaweza kuacha kununua kipimajoto. Baada ya juma la pili ulimi wangu ulikuwa ukikisia ndani ya nyuzi tano, na hakuna mjomba anayeuogopa ulimi.

Safu mpya imeongezwa upande wa kushoto kabisa wa kadi, kabla ya jina la kibanda na kabla ya bei: saa. Sahani yoyote ambayo safu hiyo iko tupu siipi alama. Hatua inayofuata ni wali wa bata na uji wa mchele, na kwa uji nimeambiwa nifike kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Jumanne, basi, kama ratiba ya usafi inaruhusu.